Choo Nilichokigeuza Maskati

Magoti yangu yamestaafu kabla yangu. Nina miaka arobaini na sita, nywele bado nyeusi, mikono bado ina nguvu, lakini daktari ameniambia nikipiga goti tena nijiandae kubebwa. Hata swala naswali kitini. Fundi wa vigae asiyeweza kupiga goti ni kama mpishi asiyeweza kuonja: atabaki kupita kwenye majiko ya wenzake akinusa. Ndivyo nilivyo sasa. Napita kwenye kazi zenu hapa Dunda, Bagamoyo, nachungulia, nanusa, naondoka.

Nanyi vijana mkiniona mnaweka mwiko chini na kuniuliza swali ambalo halihusu vigae hata kidogo. "Fundi Shomari, wewe umekaa Oman miaka sita. Kule na huku, wapi watu wanaishi vizuri?" Nimelijibu mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni, na majibu ya mlangoni huwa mafupi, na nusu yake si kweli. Aliyekuwa na haraka ya kuondoka nilimwambia kule. Aliyekwisha kuchoka nilimwambia huku. Sasa nina muda, basi nitawaambia habari za choo kimoja, na za mzee mmoja aliyekuwa anakingoja.

Kwanza mjue kwamba nchi zote mbili nimezijua nikiwa chini. Mgeni wa kawaida akifika nchi ya watu hutazama juu, kwenye maghorofa na minara. Mimi nilitazama sakafu, na sakafu huchakaa pale maisha yanapopita. Nikiitwa kukarabati nyumba ya hapa kwetu, najua kabla sijaingia kwamba nitakuta vigae vimelika kizingitini na barazani, kwa sababu mchana kutwa watu wako nje. Katikati ya sebule, penye makochi yaliyofunikwa vitambaa, kigae kinang'aa kama kilitoka dukani juzi. Kule Maskati chumba cha wageni, wanachokiita majlisi, kinaweza kumeza nyumba yangu yote, na sakafu yake haina mkwaruzo. Palipolika ni njia nyembamba kutoka jikoni kwenda mlango wa nyuma, njia ya dada wa kazi. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikaa juu ya ndoo nikalitazama kwa muda mrefu. Nyumba ya vyumba kumi na mbili, na kwa ushahidi wa sakafu, aliyeishi ndani yake kwelikweli ni mtu mmoja tu, tena aliyetoka mbali kama mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, Mungu amrehemu. Alianza na sakafu za saruji nyekundu kabla vigae havijaingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Pima maji alikuwa nayo, ila hakuiamini. Kazi ikiisha alimwaga kikombe cha maji katikati ya chumba, akachuchumaa, akayafuata kwa macho. "Maji hayana ujomba," alikuwa akisema. Mama zetu sakafu hawaipangusi, wanaiosha. Wanamwaga ndoo nzima na kuisukuma kwa fagio mpaka uani, na sakafu iliyolala sawasawa itawabakishia bwawa chini ya kabati. Kwa hiyo kila chumba tunakipa mteremko kidogo kuelekea mlangoni, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakiona. Hilo nilikwenda nalo Oman, na likawa linawashangaza, kwa sababu wao wanatumia mopu.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya choo. "Choo cha kukaa kilaze mashariki na magharibi," alisema, "hutaulizwa kitu na mtu wala na Mungu." Maana yake mnaijua. Mtu hajisaidii akiwa ameelekea kibla wala akiwa amekipa mgongo, na hapa Bagamoyo kibla chetu kiko kaskazini. Mzee Kondo hakufafanua zaidi na mimi sikuuliza. Kichwani sheria ile haikupita kabisa. Iliingia moja kwa moja mikononi, na mikono ikasafiri nayo.

Niliondoka kwa kutotulia. Sitasingizia njaa. Nilishafanya kazi Lugoba kwenye nyumba za wenye machimbo ya kokoto, nikaenda Tanga, nikakaa Pemba miezi minane, nikarudi Makurunge, na kila nilipomaliza nyumba moja nilikuwa tayari najiuliza iliyofuata ina sakafu gani. Mke wangu alikuwa akisema, "Wewe hata kaburini utaomba uhamisho." Nilipopata nafasi kwenye kampuni ndogo ya ukarabati huko Maskati, alinifungia begi yeye mwenyewe.

Kilichonishangaza mwezi wa kwanza ni ukimya. Hapa Dunda niliwahi kuhesabu watu walioingia kwenye sebule moja niliyokuwa naitandika kwa siku moja: thelathini na saba. Mwenye nyumba alikuwa mmoja wao. Waliobaki walikuja kuazima ngazi, kutoa pole ya msiba wa mwaka jana, kupita njia ya mkato. Mama muuza vitumbua aliniambia rangi niliyochagua ya kujazia mianya ya vigae itashika uchafu, na alisema kweli. Kazi ya siku tatu ilichukua siku tisa, maana mbili zilikwenda kwenye msiba wa mtaa wa pili, na siku nyingine mwenye nyumba alikanyaga vigae vibichi akimkimbiza kuku. Kule Maskati nilifanya hesabu ileile. Aliyeingia ni Joji, msimamizi wetu, asubuhi na jioni. Umeme haukatiki, maji hayakatiki, vigae vinashushwa mpaka mlangoni, saruji haijaloa mvua, na jua likiwa kali watu wanaofanya kazi nje wanapumzishwa mchana. Kazi ya siku tano niliimaliza kwa nne. Nilikuwa na raha, lakini jioni nikifungua mdomo kuitikia salamu sauti ilitoka na kutu.

Joji alikuwa Mhindi wa Kerala, Mkristo, mtu wa karatasi. Kila kitu kilikuwa kwenye faili lake la bluu. Mwezi wangu wa tatu akafungua faili hilo na kunionyesha kazi ya nyumba ya Bi Thuwaiba.

Bi Thuwaiba alizaliwa Unguja akaondoka msichana. Mumewe, Mzee Nasor, naye wa Unguja, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala wote. Kwa miezi saba alikuwa anakaa kwa mtoto wao Hilal, kwenye jengo lenye lifti, akiogeshwa na kupelekwa chooni na wengine. Daktari alikwisha kusema anaweza kurudi kwake. Kilichomzuia ni bafu tu: nyumba yao ilikuwa ya ghorofa mbili na mabafu yote yalikuwa juu. Kazi yetu ilikuwa kugeuza stoo ya chini iwe bafu la mtu wa kiti cha magurudumu. Mzee mwenyewe, ambaye maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, alikuwa ameomba jambo moja, na kila mtu wa nyumba ile alilijua. Ramadhani alitaka imkute kwake. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Hakuna aliyesema kwamba huenda ikawa ya mwisho kwake, ila Bi Thuwaiba kila alipoitaja alikuwa akitazama pembeni.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mswahili weye? Wa wapi?"

"Bagamoyo."

"Aa. Mtu wa mrima." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye pedi zangu za magoti. "Na hivyo nini? Wavaa viatu magotini?"

"Ndiyo ninayotembelea, Bibi."

"Basi tembea upesi. Mume wangu angoja."

Akaenda zake kwa Hilal kumuuguza mzee, na kwa wiki tatu na zaidi sikumwona. Mlango alinifungulia dada wa kazi, akarudi jikoni.

Hilal alikuwa amechora mchoro kwa mkono wake, safi, wenye mshale wa kaskazini pembeni. Nikauangalia mara mbili. Choo cha kukaa kilikuwa kwenye kona, mgongo wake ukutani, na kilitazama kaskazini moja kwa moja, kule kule mshale ulikoelekea. Nikawaza, hawa watu wamekaa na raha mpaka wamesahau kibla. Nikamwita Joji.

"Hapa pamekosewa," nikamwambia.

"Amechora mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amekosea. Choo hiki kinaelekea kibla. Sisi Waislamu hatuwezi. Tukigeuze kitazame magharibi."

Joji akaniangalia, akaangalia mchoro, akaniangalia tena. "Una hakika?"

"Joji, mimi nimezaliwa na jambo hili."

"Mimi sijazaliwa nalo," akasema, "kwa hiyo utalijibu wewe." Akaandika kwenye faili la bluu: mabadiliko, Shomari.

Mtaniuliza, wewe ulikuwa huswali? Niliswali, tena msikitini, karibu na makazi yetu. Lakini msikitini mtu hufuata mistari ya zulia. Nani anaingia msikitini akiuliza kaskazini iko wapi? Mara tano kwa siku paji langu la uso lilikuwa linasujudu kuelekea magharibi, na mikono yangu bado iko Bagamoyo.

Nikafanya kazi nzuri sana. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu kazi nzuri iliyokosewa ndiyo ngumu kuivunja. Nilitumia kigae chenye mkwaruzo, kisichoteleza kikiwa na sabuni. Nilitoa mteremko kutoka pembe zote nne kwenda kwenye tundu la maji bila kumfanya mwenye kiti ajisikie anaserereka, na hilo mjue ni gumu: mteremko wa bafu la kiti cha magurudumu ukiuzidisha kidogo, kiti kinaondoka chenyewe. Nikafunga kishikio cha chuma ukutani, pembeni ya choo. Wakati wa kutoboa kigae kilichokwisha kushika, bandikeni utepe wa karatasi kwanza, anzeni taratibu bila kugonga, ncha isije ikateleza na kuacha mkwaruzo ambao mtauona maisha yenu yote. Siku zote hizo hakuna aliyeingia kunisumbua. Nilifurahia.

Zikiwa zimebaki siku tisa, Bi Thuwaiba akaja kuangalia. Alisimama mlangoni na baibui lake, mikono nyuma, akatazama kwa muda. Nilijua atanisifu. Niliinama kidogo kupokea.

"Mwanangu," akasema, "nikitaka kuswali rakaa mbili za shukrani, hapa nje ya mlango, nielekee wapi?"

Nikanyoosha mkono kaskazini bila hata kufikiri.

Akaufuata mkono wangu kwa macho mpaka dirishani. "Huko kwa jirani yetu, muuza magari. Makka imehamia kwake lini?"

Nikaanza kusema, "Bibi, kaskazini..." ndipo nikageukia dirisha. Nililiona jua la alasiri, nikaukumbuka msikiti wetu, jinsi jua hilo linavyoshuka nyuma ya kibla wakati huo.

"Kwenu mrima na kwetu Unguja, Makka iko juu," akasema, bila ukali wowote. "Huku umeipita kidogo. Iko kule jua linakotua, na weye mume wangu wamkalisha chooni aitazame." Kisha akacheka pumzi moja. "Miye nilipokuja msichana, siku mbili nzima niliswali nimeelekea jikoni. Mama mkwe akanishika mabega akanigeuza kama mtungi."

Hilal alifika jioni hiyo kutoka kazini, na Joji na faili lake. Hilal alikuwa mtu mpole. Alisema wako wanazuoni wanaoruhusu, maadamu ni ndani ya kuta, na hakuna haja ya kuvunja kitu kizuri. "Tuache, Mama. Baba awahi."

"Kamwambie babako," akasema Bi Thuwaiba.

Hilal akakitazama choo.

"Kamwambie. Yeye atafanya nini, wamjua. Kila siku atajipinda juu ya hicho choo na upande mmoja wa mwili, asielekee huko. Siku ya tatu tutamwokota chini."

Hapo kila mtu aliliona. Mzee asiyeweza kugeuka angejigeuza. Joji akahesabu kwa vidole: kuvunja sakafu, kuhamisha bomba la majitaka, kufukia, kupaka dawa ya kuzuia maji, kungoja ikauke, kujaribu maji, kulaza vigae, kungoja, kujaza mianya, kufunga choo. Vidole viliisha akaanza tena. "Siku kumi na moja," akasema. "Na kampuni itauliza kwa nini. Jina liko hapa."

Nilijua maana yake. Ukaazi wangu ulikuwa mikononi mwa kampuni, na fundi wa miezi mitatu aliyeharibu kazi hupewa tiketi ya kurudi. Lakini nawaambieni kweli, saa ile nilikuwa namuona yule mzee ambaye sijawahi kumuona, ghorofani kwa mtoto wake, mwezi wa Ramadhani ukiandama dirishani. Nikasema, "Nitavunja mimi."

"Naye akirudishwa kwao, nani atavunja?" Bi Thuwaiba akamuuliza Joji. "Mwachieni avunje. Karatasi itangoja, Ramadhani haingoji."

Kesho yake asubuhi alikuja na kiti cha plastiki na birika, akakaa kwenye korido, mlangoni pa bafu. Kumuuguza mzee alimwachia binti yake kwa siku hizo. Na akianza mtu wa Unguja kukaa mlangoni na birika, mnajua kinachofuata. Siku ya pili walikuwapo kina mama wawili, wote wa kwao, wakinibishania habari za Bagamoyo wasikowahi kufika. Siku ya tatu jirani muuza magari alikuja kuuliza kelele ni za nini, akaishia kunishikia taa. Hilal alivua kanzu akabeba kifusi kwa ndoo. Joji, muda wake wa kazi ukiisha, alirudi amevaa kandambili. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Oman nilifanya kazi nyumba ikiwa imejaa watu, nikipewa ushauri na wasiojua kitu, nikiambiwa kunywa chai saruji ikinikaukia mkononi.

Jirani huyo huyo ndiye aliyekitazama kile kishikio cha chuma akauliza kwa Kiarabu, Hilal akanitafsiria: "Mzee mkono mzima ni upi?"

"Wa kulia," nikasema.

"Mbona chuma kiko kushoto?"

Nilikiweka kushoto kwa sababu ukuta ulikuwa kushoto. Nilipokigeuza choo kwenye kona ile, ukuta uliokuwa kulia kwake ukabaki nyuma, na wa kushoto ndio ukawa karibu. Hilal alipochora alikuwa amefikiria kibla, na alikuwa amefikiria mkono wa baba yake. Mimi kwa kurekebisha jambo moja lisilokuwa na kosa niliyaharibu yote mawili. Na hapo ndipo nilipojiuliza: kama wiki zile tatu angepita mama wa vitumbua mmoja tu mlangoni pale, kosa langu lingefika mbali kiasi hiki?

Lakini msinielewe vibaya, kwa sababu wale watu na birika lao wasingetosha. Kilichotuokolea siku mbili ni saruji ya kukauka haraka. Joji alikwenda dukani, akarudi baada ya nusu saa na mifuko mitatu, na dawa ya kuzuia maji unayoweza kuikanyaga siku hiyohiyo. Bomba lilipatikana la kipimo hasa nilichotaka, na kiungo chake, na mpira wake. Ningekuwa hapa kwetu wakati ule, ningekuwa na watu mia wa kunihurumia, na kiungo cha bomba ningekiagiza Dar kikaja cha kipimo kingine.

Siku ya nane nilimwaga kikombe cha maji, nikachuchumaa. Wote walichungulia kutoka kwenye korido. Maji yalitawanyika, yakafikiri kidogo, yakaenda kwenye tundu.

Mzee Nasor aliletwa alasiri ya siku ya mwisho ya Shaabani. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, hata akiwa kitini. Korido ilikuwa imejaa: watoto, wakwe, kina mama wa birika, jirani, Joji na faili lake, mimi nimejibana ukutani. Hilal akakisukuma kiti mpaka ndani ya bafu na kuanza kukunja mikono ya kanzu yake, tayari kumsaidia kama alivyozoea.

"Nje," akasema mzee.

"Baba, mara hii ya kwanza tu..."

"Nje."

Hilal akatoka. Mlango ulikuwa wa kuteleza pembeni, ili mtu wa kiti asihangaike nao. Tuliuona mkono wa kulia wa mzee ukiushika na kuuvuta, taratibu, mpaka ukagusa.

Tulisimama. Ndani, kiti kiligonga kitu kidogo, kikanyamaza. Kisha nikasikia chuma kikipokea uzito. Kile kishikio nilikuwa nimekifunga upya upande wa kulia kwa skrubu nne, na nikawa nazihesabu moyoni, ya juu, ya juu, ya chini, ya chini. Kisha kimya kirefu. Hilal akainua mkono kugonga.

"Shusha mkono," mama yake akamwambia kwa sauti ndogo. "Miezi saba hajafunga mlango akawa peke yake. Mwacheni."

Nilikuwa nimeuchukia ukimya wa nchi ile kama ugonjwa. Sasa nilisimama nikausikiliza, na kwa mtu aliyekuwa nyuma ya mlango ulikuwa ndio zawadi aliyoingoja miezi yote ile.

Kisha maji yakasikika. Baada ya muda yakasikika tena, kidogo kidogo, ya mtu anayetawadha kwa mkono mmoja bila haraka. Mlango ukafunguka. Ndevu zilikuwa zinadondoka maji. Alitutazama sote tulivyojipanga.

"Mmesimama kama mwangoja maiti," akasema, kila neno likitoka kwa zamu yake. "Alasiri hamswali?"

Bi Thuwaiba aliugeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Hakuna aliyemuuliza kama anacheka.

Joji alifungua faili akaandika kwamba mabadiliko yamekamilika. Ya nini, hakuandika. Nikabaki miaka sita mpaka magoti yaliposema basi.

Niliporudi Dunda, kazi ya kwanza niliyoifanya, kwa maumivu, ilikuwa ya shangazi yangu Mwanaidi. Alikuwa amevunjika nyonga, na wajukuu walikuwa wanambeba kwenda chooni, wawili huku, wawili huku, wakimwimbia kama bibi harusi. Niliona wanamdhalilisha. Nikamjengea choo chake uani, kila kitu nilichojifunza nikakiweka: vishikio upande wenye nguvu, kigae kisichoteleza, mlango mpana, komeo chini anapofikia. Choo chenyewe kinatazama magharibi, na mara hii niliuliza watu watatu. Nikampa na hotuba ndogo kuhusu mtu kuwa na faragha yake.

Akaingia na fimbo yake, akashika chuma, akakaa mwenyewe. Wajukuu wakashangilia. Mlango akauacha wazi nusu.

"Shangazi, funga mlango."

"Nikifunga nitasikiaje?"

"Usikie nini?"

"Wanayosema hapo jikoni. Wamefika pazuri." Akainua sauti, akaniruka mimi. "Ee, Zaituni, na huyo mwanamume alipoambiwa hivyo alijibu nini?"

Jikoni wakacheka, wakaanza kumwambia. Nilitaka kuendelea na hotuba yangu, lakini kusema kweli na mimi nilitaka kujua alijibu nini.